Maneno Mapya katika Kiingereza, na Wale Walioyahukumu

Chombo hiki kiletacho sauti za watu walio mbali, hapo zamani wengi wa wazee wetu walikiita simu ya upepo. Lilikuwa jina zuri. Hata mtu asiyepata kukiona chombo chenyewe aliweza kukisia kazi yake. Walakini ukienda sokoni leo ukauliza bei ya simu ya upepo utachekwa, kwa kuwa kila mtu asema redio. Ni nani aliyeamua hivyo? Hatujasikia kwamba wazee walikutana chini ya mwembe wakapiga kura. Neno moja lilikaa, na jingine likaondoka polepole kama mgeni aliyeona kwamba hakutandikiwa mkeka.

Katika mazungumzo haya twataka kusimulia jinsi jambo hili lilivyokuwa kwa Waingereza. Watu wengi hudhani ya kuwa Kiingereza ni lugha iliyokwisha kukamilika tangu zamani, na ya kuwa neno lililomo katika kamusi yao limepigwa muhuri na serikali. Sivyo hata kidogo. Wafaransa walianzisha chama cha wanachuoni mwaka 1635 ili kiangalie lugha yao; Waingereza hawajapata kuwa na chama cha namna hiyo. Wao wamebishana tu, mtu na mtu, kitabu na kitabu, kwa muda wa miaka karibu mia tano.

Nasi tuliingia katika habari hii kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tulikuwa tukisahihisha madaftari ya wanafunzi wa ualimu. Kijana mmoja, mtulivu wa tabia, alikuwa ameandika barua kwa Kiingereza, na ndani yake alilitumia neno "contact" kwa maana ya kuwasiliana na mtu, yaani alilifanya kitenzi. Tukalikata kwa wino mwekundu na kumwondolea alama moja, maana kitabu cha sarufi tulichosomea sisi kilifundisha kwamba neno hilo ni jina, wala halifai kutendwa kitenzi. Jioni kijana akaja, akasimama mlangoni kwa adabu, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Neno hili nimelisoma hivi hivi katika gazeti la Kiingereza. Je, gazeti limekosa?" Tukamjibu kwamba hata magazeti hukosa. Jibu hilo lilimnyamazisha yeye, lakini halikutunyamazisha sisi. Usiku ule tuliona kwamba tulikuwa tumehukumu bila kuijua sheria, tukaanza kufungua vitabu.

Ugomvi wa kwanza mkubwa ulitokea katika karne ya kumi na sita. Wakati ule wanachuoni wa Uingereza walikuwa wakitafsiri vitabu vingi vya Kilatini na Kiyunani, wakaona lugha yao haina maneno ya kutosha kwa elimu, wakaazima. Wengine waliazima kwa haja, na wengine kwa majivuno tu, ili waonekane wamesoma. Watu wakayapa maneno hayo jina la dharau, wakayaita maneno ya pembe ya wino, kwa kuwa siku zile mwandishi alitia wino wake ndani ya pembe ya mnyama, na neno refu la Kilatini lilimmalizia wino upesi.

Mwaka 1553 mtu mmoja, Thomas Wilson, alitoa kitabu juu ya ufasaha wa kusema, na katika kitabu hicho akaweka barua ya kuchekesha, ambayo mwandikaji wake aomba kazi kwa maneno ya pembe ya wino matupu. Wilson alitaka wasomaji wacheke, na bila shaka walicheka. Lakini tukiisoma barua hiyo leo twastaajabu. Baadhi ya maneno yaliyochekwa ni "celebrate", maana yake kusherehekea. "Capacity", maana yake uwezo au nafasi. "Ingenious", maana yake mwenye akili ya kubuni. Na "dexterity", yaani wepesi wa mikono. Hayo yote hutumiwa siku hizi na watoto wa shule bila kucheka. Mengine yaliyokuwa pamoja nayo katika barua ile ile, kama "ingent" na "revoluting", yamekufa, hata Mwingereza mwenyewe hayajui. Wilson aliyaweka yote katika kapu moja, wala hakuweza kujua lipi litaoza na lipi litaota.

Mwenzake, Sir John Cheke, aliyekuwa mwalimu wa Mfalme Edward wa Sita, alikwenda mbali zaidi. Yeye aliona kwamba lugha iazimayo kila siku pasipo kulipa ni kama mtu mwenye madeni, mwisho wake atafilisika. Basi alipojaribu kutafsiri Injili ya Mathayo, aliyakimbia maneno ya kigeni, akajiundia ya kwake kwa mizizi ya Kiingereza. Mkuu wa askari mia, ambaye Waingereza humwita kwa neno la Kilatini, "centurion", yeye alimwita "hundreder", yaani mtu wa mia. Ufufuo aliuita "gainrising", yaani kuinuka tena. Twakiri kwamba maneno yake yana uzuri wake, na kwamba mkulima wa Kiingereza angaliyaelewa mara moja. Lakini tafsiri yake haikupigwa chapa mpaka mwaka 1843, na wakati ule maneno ya kigeni yalikuwa yamekwisha kukaa makanisani karne tatu. Sisi wa Kiswahili tusimcheke. Katika Biblia yetu mtu yule yule wa Mathayo mlango wa nane huitwa akida, neno lenye asili ya Kiarabu, na hatujasikia Mkristo akilalamika kwamba ni la kuazima.

Mtunzi wa michezo, Ben Jonson, alitumia njia nyingine ya kuhukumu. Katika mchezo wake mmoja wa mwaka 1601 mshairi mwenye maneno makubwa hunyweshwa dawa ya kutapisha, na mbele ya watu wote hutapika maneno, moja moja, ndani ya beseni. Hebu fikirini jinsi watazamaji walivyofurahi! Miongoni mwa matapishi hayo yalikuwamo "strenuous", "spurious", "conscious" na "clumsy". La mwisho lina maana ya mtu asiye na ustadi wa mikono, na la tatu lina maana ya kujitambua. Hayo manne Waingereza waliyarudia, wakayasafisha, na hata leo wanayala. Mengine, kama "oblatrant" na "furibund", yalibaki katika beseni.

Yawezekana msomaji atasema: hao walikuwa wakipigana na Kilatini tu. Basi na atazame mambo yaliyofuata, maana hapo adui alikuwa mwingine. Jonathan Swift, kasisi wa Ireland na mwandishi mwenye ulimi mkali, hakuchukia maneno marefu peke yake, bali hasa maneno yaliyokatwa. Katika siku zake vijana wa London walikuwa na desturi ya kuyakata maneno mkia. Walichukua maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya umati wa watu wageuka-geukao, "mobile vulgus", wakayakata hata likabaki "mob". Katika gazeti moja la mwaka 1710 Swift aliandika kwamba amejitahidi kwa miaka kadhaa kulizuia neno hilo pamoja na jingine, "banter", maana yake mzaha. Tena wakati ule Uingereza ilikuwa vitani na Wafaransa, na habari za vita zilileta maneno mengi marefu. Swift aliyataja baadhi yake, kama "battalions", yaani vikosi, "ambassadors", yaani mabalozi, na "communication", yaani mawasiliano, akabashiri kwamba hayataishi zaidi ya vita vichache. Vita vile vilikwisha mwaka 1714. Maneno hayo yangalipo, na "mob" ingalipo.

Walakini tusimwone Swift kuwa mpumbavu. Jambo lililomsumbua lilikuwa zito. Aliona kwamba Waingereza wa siku zake hawakuweza tena kuvisoma vitabu vya mababu zao kwa urahisi, akaogopa kwamba na vitabu vya kizazi chake vitakuwa vivyo hivyo. Mwaka 1712 alimwandikia Robert Harley, mweka hazina mkuu wa Malkia Anne, akishauri kwamba wachaguliwe watu wenye elimu ili waisahihishe lugha na kuithibitisha, isibadilike tena. Hakukataza maneno mapya yote. Alitaka tu kwamba neno likiisha kukubaliwa na baraza lisitupwe kamwe. Alimwambia mkubwa yule kwamba kama hayo hayafanyiki, sifa za malkia na za mawaziri wake zitaandikwa kwa lugha ambayo wajukuu hawataifahamu. Shauri hilo halikutimia. Mwaka 1714 Harley aliondolewa katika kazi yake, siku chache baadaye malkia akafa, na Swift akarudi Ireland.

Ndipo walipotokea wauza vitabu wa London, ambao hawakungoja serikali. Mwaka 1746 walipatana na Samuel Johnson, maskini mmoja mwenye elimu nyingi, wampe gini 1,500 ili atengeneze kamusi. Johnson aliahidi kuimaliza kwa miaka mitatu. Rafiki yake akamwambia kwamba wanachuoni arobaini wa Ufaransa walikaa miaka arobaini katika kamusi yao. Johnson akajibu kwa hesabu: arobaini mara arobaini ni 1,600, basi Mwingereza kwa Mfaransa ni kama tatu kwa 1,600. Mzaha huo ulimgeukia mwenyewe, kwa maana miaka mitatu ilipita na kazi haijafika popote. Alikuwa na wasaidizi sita, na watano wao walikuwa watu wa Scotland, waliokaa katika chumba cha juu cha nyumba yake wakinakili vipande vya vitabu. Kamusi ilitoka mwezi wa Aprili mwaka 1755, vitabu viwili vikubwa, vyenye maneno zaidi ya 42,000.

Hapa ndipo twaona badiliko. Alipoanza, Johnson alitumaini kuisimamisha lugha kama Swift alivyotaka. Alipomaliza, aliandika katika dibaji yake kwamba tumaini hilo lilikuwa bure, na kwamba kazi ya mtengeneza kamusi ni kuandika lugha jinsi ilivyo, si kuiumba. Hata hivyo hakuacha kabisa kiti cha hakimu. Maneno aliyoyachukia aliyaingiza, lakini aliyatia alama kama mwizi achapwavyo chapa. Neno "fun", yaani furaha ya mchezo, alisema ni la watu duni. Kadhalika "clever", yaani mwerevu, na "job", yaani kazi. Leo hakuna mtoto wa Kiingereza asiyeyatumia maneno hayo matatu kabla ya chakula cha adhuhuri.

Kuna kisa kimoja cha Johnson ambacho hutugusa sisi hasa. Mwaka 1772 alikuwa akiitengeneza upya kamusi yake, na rafiki yake Boswell akamkuta kazini. Boswell alitaka neno "civilization" liingizwe. Johnson akakataa, alisema "civility" latosha. Boswell aliona kwamba neno lile la kwanza ni bora, kwa sababu lasimama wazi upande wa pili wa ushenzi, ilhali "civility" ina maana mbili, pia adabu ya kawaida. Katika jambo hili twaona Boswell alikuwa na haki, na Waingereza wote walimfuata yeye. Nasi tunapofundisha historia hulifasiri neno hilo kwa ustaarabu, neno ambalo likichunguzwa asili yake ni kufanana na Waarabu. Mzee Johnson angalisemaje juu ya hilo, hatuthubutu kukisia.

Waamerika nao walipopata uhuru wao walianza kuunda maneno, na watu wa London wakakasirika. Mwaka 1787 gazeti moja la London lilimdhihaki Thomas Jefferson kwa sababu aliandika "belittle", yaani kudunisha. Lakini Waamerika wenyewe walikuwa na mahakimu wao. Benjamin Franklin, mzee mwenye miaka zaidi ya themanini, alimwandikia Noah Webster mwaka 1789 akilalamika kwamba aliporudi kutoka Ufaransa alikuta watu wamefanya majina kuwa vitenzi, kama "notice", "advocate" na "progress", akamwomba Webster ayakemee. Tulipofika hapo tulikitazama tena kitabu chetu cha sarufi. Kosa tulilomhesabia kijana wetu lilikuwa la namna ile ile, na vitenzi vitatu vya Franklin vimo katika kitabu hicho hicho, tena kama mifano ya Kiingereza safi.

Mwaka 1857 kasisi mmoja, Richard Chenevix Trench, alisimama mbele ya chama cha wanalugha mjini London akasema jambo ambalo siku zile lilikuwa geni: mtengeneza kamusi ni mwandishi wa historia, si mkosoaji. Imempasa ayaandike maneno yote, mazuri na mabaya, na kuonyesha kila moja lilizaliwa lini na limeishije. Kutokana na shauri hilo ilianza kamusi kubwa ya Oxford. Mhariri wake aliyejulikana zaidi, James Murray, alishika kazi mwaka 1879. Alijenga kibanda cha mabati, akakijaza rafu zenye vijumba vidogo vidogo, na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wakampelekea vikaratasi, kila kimoja na neno, sentensi iliyotoka katika kitabu, jina la kitabu na mwaka wake. Murray alikufa mwaka 1915. Kamusi ilimalizika mwaka 1928. Hata neno letu safari limo humo, kwa kuwa wasafiri wa Kiingereza kama Richard Burton, aliyetoa kitabu chake cha nchi za maziwa mwaka 1860, walilichukua pwani wakaenda nalo kwao. Nasi tulikuwa tumekwisha kulichukua kwa Waarabu.

Je, watu hao waliokataa kuwa mahakimu waliweza kukwepa kuhukumu? Hawakuweza. Murray alipofika katika herufi A alikuta neno "appendicitis", ugonjwa wa kidole tumbo. Akamwuliza tabibu mkuu wa chuo cha Oxford, naye akamshauri aliache, kwa kuwa lilikuwa neno la waganga tu. Akaliacha. Mwaka 1902 Mfalme Edward wa Saba alikuwa karibu kutawazwa. Wageni wamekwisha kufika, na nyama zimekwisha kuandaliwa. Siku mbili kabla ya sherehe ikatangazwa kwamba mfalme amepatwa na ugonjwa huo na lazima apasuliwe. Kwa siku moja neno la waganga likawa katika kinywa cha kila mtu katika ufalme, na kamusi kubwa kuliko zote haikuwa nalo. Liliingizwa katika nyongeza ya mwaka 1933. Na neno jingine, "bondmaid", yaani kijakazi, lilikosekana kwa sababu nyepesi zaidi: vikaratasi vyake vilipotea. Twapenda kuwasimulia wanafunzi kisa hiki wanaposema kwamba neno fulani si la kweli kwa kuwa halimo katika kamusi.

Siku hizi wahariri wa Oxford hutaka ushahidi kabla ya kulipokea neno: waandishi mbalimbali wawe wamelitumia, wasiofuatana, kwa muda wa miaka kadhaa. Na likiisha kuingia halitolewi, hata likifa. Kwa njia hiyo Swift amepata nusu ya ombi lake, ijapokuwa si kwa baraza.

Redio nayo ilijaribu. Mwaka 1926 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, liliweka halmashauri ya wataalamu ili iwashauri watangazaji wake jinsi ya kutamka. Tangu mwaka 1930 mwenyekiti wake alikuwa George Bernard Shaw, naye ni mtu wa Ireland. Baadaye televisheni ilipokuwa karibu kuanza, ilitakiwa mtu aitazamaye apewe jina. Wataalamu wakachagua "televiewer". Umma wakalikata kichwa, kama vijana wa Swift walivyokata mkia, wakabaki na "viewer". Halmashauri ilisimamishwa mwaka 1939 vita vilipoanza.

Sasa twarudi kwa neno la kijana wetu. Mwaka 1961 kamusi moja kubwa ya Marekani ilitoka, na magazeti mengi yakaishambulia kwa kuwa iliyapokea maneno ya mitaani pasipo kuyakemea vya kutosha. Watu waliochukizwa wakatengeneza kamusi nyingine, iliyotoka mwaka 1969, nao wakaalika waandishi na wanachuoni kama mia moja wapige kura juu ya matumizi yenye ubishi. Mojawapo lilikuwa "contact" kama kitenzi. Mwaka 1969 waliolikubali walikuwa 34 tu katika kila mia. Mwaka 1988 walikuwa 65. Mwaka 2004 walikuwa 94.

Kitabu chetu cha sarufi, basi, kilikuwa kimesema kweli ya wakati wake, na sisi tulikuwa tumeitumia kweli hiyo kumwadhibu mtu wa wakati mwingine. Hatusemi kwamba kila neno lipokewe. Bado twakata maneno kwa wino mwekundu: lile ambalo mwandishi mwenyewe hawezi kutueleza maana yake, na lile lililowekwa kwa majivuno mahali ambapo neno la kawaida lilikuwa limekaa na kutosha. Katika hayo Wilson ni mwalimu wetu hata leo. Lakini neno likiwa jipya tu, siku hizi kalamu husita, na kwanza twamwuliza mwanafunzi amelipata wapi.

Yule kijana tulimwita ili tumrudishie alama yake. Alishukuru sana, akasema kwamba daftari lenyewe hanalo tena. Dada yake alikuwa amekwisha kulichana kurasa za kufungia karanga.